Ghorofa ya Tisa

Kwenye ghorofa ya tano nilisimama kupumua, mama akiwa mgongoni, mikono yake imenizunguka shingo.

"Ukichoka nitue," alisema. "Mimi si trei ya mayai."

Nilicheka, maana nisingecheka ningelia. Mimi, fundi wa lifti kwa miaka kumi na minane, niliyewapandisha wakubwa na magodoro yao hadi vileleni mwa jiji lile, nilikuwa namshusha mama yangu kwa ngazi, kumpeleka kliniki ya macho.

Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa miezi saba. Haikufa, iliuawa. Siku ya kwanza niliifungua nikakuta ni swichi ya mlango tu, nikaitengeneza. Kesho yake ilikuwa imezimwa, na msimamizi wa jengo ametia kufuli mpya kwenye chumba cha mashine. Nikigusa tena, alisema, ataniitia polisi. Wapangaji wa juu tulikuwa wa zamani, kwa kodi ya zamani, wengi wazee. Ngazi zingetutimua bila barua. Hakutamka hivyo, lakini dalili ya mvua ni mawingu.

Na jiji lile nililipenda, Mungu anajua. Asubuhi, nikiwa juu ya paa la watu, mikono imejaa grisi, nililitazama likiamka: nguo zinaanikwa, vibanda vinafunguliwa, honi zinagombana. Nilijiona mwenyeji wa kila mlango.

Tulipofika chini, msimamizi alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale mlangoni.

"Kumbe mnaweza," alisema. "Mazoezi mazuri hayo."

Nilifungua mdomo nimjibu. Mama akanitangulia, kutoka kule kule mgongoni: "Baba, salamu umeiacha wapi?"

Yule bwana akainamia simu yake.

Kliniki tulikaa kwenye benchi kusubiri zamu.

"Mwisho wa mwezi tunahama," nilisema. "Si nyumba tu. Mji."

Mama alinigeukia. "Uende mahali hakuna ghorofa, wewe? Utakula nini?"

"Nitatengeneza pampu za maji."

"Unaujua mji huu kuliko uso wangu."

"Ndiyo maana mji umeniudhi hivi, mama."

Alinishika mkono wenye grisi, akaushika hadi jina lake lilipoitwa.

Sasa tunakaa katika mji mdogo ambao nyumba zake zote zimekaa chini. Pampu nazijua, ingawa sizipendi. Wiki ya tatu, jirani yetu wa zamani alinipigia simu: wapangaji wapya wameingia kwetu ghorofa ya tisa, na lifti inafanya kazi.

"Fundi alichukua muda gani?" nilimuuliza.

"Alianza nikimimina chai. Amemaliza haijapoa."

Nilikata simu. Miezi saba! Nikamwita mama nimmwagie uchungu ule. Hakuitika. Nikaita tena, nikatazama jikoni, nikatazama uani.

Viatu vyake havikuwepo mlangoni. Alikuwa ametoka kutembea, kwa miguu yake mwenyewe, bila mgongo wangu.