Tochi Chini ya Bastola ya Mzee Hobert

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Verlin Stamper aliibana bastola ya marehemu baba yake kwenye jiliwa la karakana yake nyumbani, akaiwekea tambara ili chuma kisichubuke, akafungua redio apate kusikiliza mpira. Alikuwa anaifungia reli chini ya mtutu, kijichuma chenye meno cha kupachikia tochi. Bastola za siku hizi huzaliwa nazo. Hii ya mzee Hobert ilikuwa ya zamani na haikuwa na kitu, na huku kwetu milimani Kentucky mtu haendi kwa fundi kwa kazi anayoweza kuiharibu mwenyewe.

Tochi lilikuwa wazo la mkewe, Glenna.

"Kama ni lazima ilale kando ya kitanda," alimwambia, "basi uwe unamulika kwanza. Nikiamka kwenda chooni usije ukanifanya mwizi."

"Mwizi gani anatembea kwa kishindo kama wewe?"

"Wewe funga tochi."

Akaifunga. Reli ilikaa upande kidogo, kama kofia ya mlevi, lakini ilikaza. Alihakikisha hakuna risasi, akaielekeza kwenye ukuta wenye makoleo ya theluji, akawasha.

Ndani ya duara la mwanga alisimama kijana wa miaka kumi na tisa, amevaa soksi bila viatu, ameshika bakuli la kioo kwa mikono miwili. Verlin akazima. Kijana hayupo. Akawasha. Yupo. Akabadilisha betri, maana betri za bei rahisi zina mambo yake, na kijana akaonekana vizuri zaidi.

"Glenna," aliita, "njoo umwone Lonnie Tackett."

Glenna akaja akijifuta mikono. Lonnie alikufa zamani, wao wakiwa ndio kwanza wachumba, katika jiko la nyumba hiyohiyo, kwa bastola hiyohiyo.

"Hajazeeka hata kidogo," alisema Glenna. "Hebu muulize kama amekula."

"Nimeshakula, asante," alijibu Lonnie. "Mzee Hobert yupo? Mama kanituma nirudishe bakuli."

"Lina nini?"

"Pudini ya ndizi."

Hapo mume na mke walisahau habari ya mzimu, wakalitazama bakuli. Huku kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Ukiletewa maharage, unarudisha na keki. Mlango wa jikoni haubishwi hodi, hodi ni ya watoza kodi na wahubiri wageni, na mwenye viatu vya matope anavivua barazani. Miaka yote hiyo mji mzima ulijua kwamba Lonnie alikuwa mwizi, kwamba alivua viatu ili anyate, na kwamba umeme ulikuwa umekatika na yeye akapigwa risasi akitoroka na bakuli la mke wa Hobert. Ndivyo alivyosema Hobert. Mkewe alikuwa ameshadeki jiko polisi mkuu alipofika, na polisi mkuu, aliyewinda kulungu na Hobert kila Novemba, hakuona sababu ya kuuliza sakafu ilikuwa na nini. Sasa bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na hakuna mwizi anayekuja na pudini.

Glenna alivuka barabara kumwita Opal, mama yake Lonnie. Bibi huyo alikuja na kiti chake cha kukunja. Verlin akainua bastola, akamwelekezea mwana wa bibi. Hapakuwa na njia nyingine. Alikwishajaribu kuichomoa tochi akaiwasha peke yake, ikamulika makoleo tu.

"Umechelewa," Opal alimwambia mwanawe. "Nilikwambia nenda urudi."

"Mlango ulikuwa wazi, mama. Nikaingia tu."

"Najua, mwanangu."

Akalia kidogo, kisha akamuuliza kama miguu haipati baridi.

Wiki hiyo karakana ilijaa watu. Walikuja na viti, na soda, na betri za kuchangia. Walimpa Lonnie matokeo ya mpira wa kikapu aliyoyakosa, akasikitika panapostahili. Waliionja pudini, ambayo haikupungua, na kila aliyeonja aliona sukari imezidi kidogo, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo mbele ya Opal. Mkono wa Verlin ulipochoka, waliiegemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga. Kijana alipendwa na wote. Lile neno la wizi hakuna aliyeligusa.

Opal ndiye aliyeligusa. Verlin alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya kanisa, na Lonnie, kwa kuwa mwizi, alikuwa amezikwa nje ya uzio, upande wa miiba.

"Sitaki kesi, Verlin," alisema. "Hobert kafa, mwache apumzike. Jumapili ya makaburi simama useme mwanangu hakuwa mwizi, halafu mumsogeze ndani. Nafasi yangu iko karibu na baba yake. Nataka mtoto alale katikati yetu."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Opal."

"Sijaomba maji. Naomba futi sita."

"Baba yangu hayupo kujitetea."

"Wangu yupo pale. Muulize."

Verlin hakumuuliza. Si mtu mbaya. Theluji ikianguka, huwa ameshakusafishia njia kabla hujavaa soksi. Lakini kama Lonnie hakuwa mwizi, basi Hobert alikuwa kitu kingine, na kitu hicho Verlin hakutaka kukitafutia jina. Aliogopa, nami namhurumia, ila simsamehe.

Jumapili ya makaburi, mwishoni mwa Mei, tulifyeka majani, tukaweka maua, tukatandaza chakula juu ya meza ndefu. Bastola ilikuja kwenye kikapu pamoja na kuku wa kukaanga. Verlin alimulika nje ya uzio, na Lonnie akasimama penye kaburi lake, akisalimia watu kwa majina na kupitisha bakuli juu ya waya. Watoto walirudi kuomba tena.

Verlin akasoma matangazo. Mashine ya kukata nyasi imetengenezwa. Asanteni kwa maua. Je, kuna jambo lingine?

Opal akasimama. Watu wakatazama sahani zao. Yeye alimtazama Verlin tu, na Verlin akaitazama mashine ya nyasi.

"Basi mimi mnizike nje," alisema Opal.

Kamati ilikubali palepale, hata wajumbe wawili, ndugu wasiosalimiana. Verlin akamshukuru bibi kwa niaba ya kanisa, maana nafasi za ndani zilikuwa zimebaki chache na watu wengi wanazitaka. Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata.

Opal akazunguka kupitia getini, polepole, hadi upande wa miiba. Mwanawe alimwonyesha mahali pasipo mawe, akampimia kwa hatua zake za soksi, na wote wawili wakaonekana kuridhika. Verlin aliwamulikia mpaka walipomaliza, mkono umenyooka, kidole mbali na kifyatuo, kama alivyofundishwa na baba yake.