Kanzu ya Kuazima

Saleh bin Azzan alikuwa na punda mweupe wa Maskati aliyempenda kuliko baadhi ya jamaa zake, na wala hakuficha. Alimwita Mwewe. Mbio punda alikuwa nazo. Tatizo lilikuwa Saleh mwenyewe. Biashara ya pembe na sandarusi ilikuwa imemnenepesha, na kila Idi, watu wa Bagamoyo walipoteremka pwani kutazama mashindano ya punda, Mwewe alifika nyuma ya wenzake akihema, na bwana wake yuko juu anatoa sababu.

Aliyemjua Mwewe ni Ausi, mtumwa wa Saleh. Kila alfajiri alisema, "Shikamoo, bwana," naye Saleh akaitika, "Marahaba," bila kugeuka. Kisha Ausi alimpeleka punda mchangani kumkimbiza, yeye mwenyewe amevaa shuka tu, ameikaza kiunoni. Huko aligundua mambo. Akikaa wima, upepo wa kusi ulimpiga kifuani na punda akachoka mapema. Akilala, shavu juu ya shingo ya Mwewe, viwiko amevibana mbavuni, upepo ulipita juu yake na punda akawa kama ametuliwa mzigo. Aligundua pia kwamba ukimfuata mpandaji mwingine kwa karibu sana, nyuma yake kuna mahali upepo haufiki. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Moyo wake haukuwa kwenye upepo. Ulikuwa Fukayosi, kwa mkewe Tatu, mwanamke muungwana aliyelima mihogo huko, ambaye Ausi alipewa ruhusa ya kumwona mwezi ukiandama tu. Saleh alikuwa amekwisha ahidi kumwacha huru. Alimwahidi wakirudi salama kutoka bara, akamwahidi tena nyumba ikimalizika kuezekwa. Walirudi salama na nyumba ikaezekwa. Saleh hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho, na kwa mtumwa tofauti ya hao wawili ni ndogo sana.

Mwaka ule, kabla Wadachi wa Ujerumani hawajaja kupandisha bendera yao, zawadi ya Idi ya Mfungo Mosi ilikuwa tandiko la ngozi lenye vifungo vya fedha. Saleh aliliona likipita likioneshwa mjini, akakosa raha. Usiku wa kuamkia Idi alikubali jambo ambalo mji mzima ulishakubali zamani, kwamba yeye hafai kupanda. Lakini mashindano yale yalikuwa ya waungwana peke yao. Basi asubuhi, baada ya sala, akamwita Ausi akamvisha kanzu yake nyeupe na kilemba.

"Kaa wima kama muungwana, usinitie aibu," alisema. "Ukishinda nakuacha huru."

"Ahsante, bwana," alisema Ausi, kwa sauti ileile ya mara zilizopita.

Watu walipomwona na kilemba walidhani ameshaachwa huru, wakampa hongera na mkono. Ausi alizipokea hongera zile akiwa ameinamisha macho. Ilimuuma kuliko matusi. Mwalimu Mwishehe, aliyesomesha watoto Kurani na ndiye mwamuzi wa mbio, alimtazama kidogo, kisha akatazama kanzu, akaenda kusimama forodhani.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga una unyevu na umeshikana. Punda waliachiwa kutoka kwenye mikoko ya upande wa kaskazini, waelekee forodhani, na kusi inawapiga usoni. Kabla hata hawajafika mbali Ausi alijua kwamba amekwisha. Kanzu ya Saleh ilitosha watu wawili, na upepo ukaingia kumjaza yule wa pili. Ilivimba mgongoni, ikamvuta mabegani, na Mwewe akaanza kukimbia kama punda aliyefungwa kamba nyuma.

Mbele yao alikuwa Abdala bin Khairat, kijana mpana wa mabega, mshindi wa mwaka uliopita. Ausi alimsogeza Mwewe hadi pua ikakaribia mkia wa punda wa Abdala. Ghafla kimya. Kanzu ikanywea, mchanga ukamrukia usoni, lakini Mwewe akapata pumzi. Walikwenda hivyo sehemu kubwa ya njia. Abdala alikuwa anavunja upepo kwa ajili ya wawili, na hakujua.

Forodha ilipoonekana, ilibidi atoke pembeni. Alitoka, na kanzu ikavimba upya. Alikuwa na njia mbili: akae wima kama alivyoagizwa na ashindwe kiungwana, au afanye alivyojua. Alikitupa kilemba. Akaivua kanzu kichwani huku punda anakimbia, akaikunja chini ya mapaja, akalala juu ya shingo ya Mwewe na shuka yake kama alfajiri yoyote. Mwewe alimzoea hivyo. Alipita forodhani, Abdala bado yuko nyuma anapiga kelele.

Kelele hazikuisha. "Muungwana havui nguo mbele za watu!" alisema Abdala aliposhuka. "Huyu ni mtumwa, na amepanda kama mtumwa. Mashindano ni ya waungwana!"

Mwalimu Mwishehe akamgeukia Saleh. "Saleh, umemvisha, lakini hujasema. Sema watu wasikie. Huyu ni mtumwa wako au ni huru?"

Saleh alilitazama tandiko. Vifungo vilimeremeta.

"Ni huru," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, kama ndivyo unavyotaka! Ni huru kwa ajili ya Mungu! Nipeni tandiko langu!"

Walimpa. Wako wanaosema Ausi aliivua kanzu makusudi, ili swali lile liulizwe. Mimi siwezi kuapa. Najua tu kwamba hakuinua macho mpaka lilipojibiwa, na alipoyainua yalikuwa na machozi.

Jioni Saleh alimweleza mkewe, Zeyana, kwamba yale yalikuwa maneno ya mashindano tu, na kwamba kesho Ausi ataanza kazi mapema kwa sababu kuna mzigo wa sandarusi.

"Ausi yupi?" aliuliza Zeyana. "Neno la kumwacha mtu huru halina mzaha, ni kama talaka. Ungenipa mimi talaka tatu mbele ya Mwalimu Mwishehe kwa ajili ya tandiko, leo ungenikuta humu?"

Saleh alisema ataliangalia jambo hilo kesho.

Kesho ilifika. Saleh alikuwa barazani amekaa ameelekea ukutani, analipaka mafuta tandiko jipya. Ausi alikuja na shuka yake, kanzu mikononi imefuliwa na kukunjwa vizuri, kilemba juu yake. Akaviweka kwenye baraza.

"Sabalkheri, Saleh," alisema.

"Marahaba," aliitika Saleh, bila kugeuka.

Kisha mkono wenye kitambaa cha mafuta ukasimama. Alipogeuka, Ausi alikuwa ameshashika njia ya Fukayosi.