Helmeti Iliyofukizwa Udi

Kadenge alikwisha kula kiapo mbele ya mama yake, mbele ya Mungu na mbele ya Mzee Awadh kwamba hatampakia tena mtu kichwa wazi. Kiapo cha mbele ya Mzee Awadh ndicho kilichomkosesha usingizi, kwa kuwa pikipiki aliyobebea abiria ilikuwa ya mzee huyo. Juzi juzi askari walimnasa Kadenge na abiria asiye na helmeti, na Mzee Awadh akashinda kituoni kutwa nzima akiwabembeleza vijana wa umri wa wajukuu wake mpaka wakamrudishia chombo chake.

"Nikikuona tena na kichwa kitupu nyuma yako," alimwambia walipotoka, "ufunguo nampa Karisa. Na kila jioni niko barazani, nitakuona tu."

Karisa naye, dereva mwenzake asiye na pikipiki, alikuwa ameshaanza kukibonyeza kile kiti, kujua ulaini wake.

Sasa Kadenge alikuwa amesimama mlangoni pa Bi Rukiya, Mji wa Kale, helmeti ya abiria mkononi, na Bi Rukiya anaitazama kama aliyeletewa panya kwenye sinia. Bi Rukiya alikuwa dada mkubwa wa Mzee Awadh. Kumpitisha mbele ya baraza kichwa wazi ni kupoteza ufunguo, na kumwacha mlangoni ni kuupoteza vile vile, maana mzee hakumwogopa mtu duniani ila yeye.

"Masalkheri, Bi Rukiya. Vaa hii, tafadhali."

Akaisogeza puani, akairudisha upesi. "Nani aliivaa hii?"

"Abiria tu."

"Abiria gani? Yanuka ng'onda!"

"Asubuhi nilimpeleka muuza samaki," Kadenge alikiri.

"Ewe Kadenge, mimi ni somo, kungwi wa bibi arusi. Suhaila aningoja huko Majengo nikamsinge manukato, kesho aolewe. Bibi arusi asingwe na somo anukaye ng'onda? Na kikuba changu je, kipondwe?" Akainua mtandio, na asumini na rehani zilizobanwa nyweleni zikatoa harufu mpaka uchochoroni.

"Bi Rukiya, ni sheria."

"Sheria haina pua. Mimi ninayo."

"Na Mzee Awadh alisema..."

"Awadh! Nilimwogesha mimi huyo Awadh."

Kadenge akauona ufunguo ukiingia mfukoni mwa Karisa. "Basi nihurumie mimi, mama. Akikuona kichwa wazi, kesho sina kazi."

Bi Rukiya akanyoosha mkono. "Lete."

Mitaa ile kitu kikinuka hakitupwi, hufukizwa. Kutoka dakani, pale mlangoni, Kadenge alimwona akikifuata chetezo cha udi, kilichokuwa tayari na makaa chini ya tenga lililotandazwa nguo zake za kuendea arusi. Kwa kuwa tenga halikuwa na nafasi, alikichomoa chetezo, akakifunika kwa helmeti kama mtu afunikaye wali kwa kawa. Udi wenyewe aliupika kwa mkono wake, kwa sukari, sandali na ambari, na wifi zake wamezeeka wakiuulizia siri yake. Akatia kipande. Akanusa. Ng'onda bado. Akatia kingine, kikubwa zaidi, akakipandisha juu ya cha kwanza mpaka kikagusa sponji ya helmeti.

Alipoiinua, kipande hicho cha udi, kilaini kwa sukari na chekundu kwa moto, kilikuwa kimenata ndani upande wa kisogoni. Hakukiona yeye, wala Kadenge. Kikuba akakihamishia kifuani, kichwani akajizungushia leso mbili nene, akavaa helmeti na kupanda.

Upepo ukafanya kazi yake.

"Waona watu wanavyogeuka?" Bi Rukiya alisema kwa raha. "Wamesikia udi wangu."

Kadenge aliusikia pia. Kwanza ulinukia vizuri. Halafu ukanukia sukari iliyosahauliwa jikoni. Halafu ukanuka ndara ya mpira iliyoangukia motoni.

"Bi Rukiya, huhisi joto?"

"Mombasa hii nisihisi joto? Endesha!"

"Mama, wafuka moshi!" msichana mmoja akapiga kelele dirishani.

"Udi huo, mwanangu!" Bi Rukiya akamjibu, shingo juu.

Barazani Mzee Awadh alikuwa na kikombe cha kahawa mdomoni. Aliiona helmeti kichwani mwa dada yake, akatabasamu. Kisha akaona kilichofuata nyuma yake.

"Anaungua!"

Alinyakua ndoo ya kusuuzia vikombe, akamwagia yote.

Pikipiki ikasimama. Bi Rukiya akaivua helmeti polepole, maji ya kahawa yakimchuruzika hadi kidevuni. Ndani ya sponji palikuwa na tundu la kupitisha ndimu, na leso ya juu ilibabuka kidogo.

"Awadh."

"Dada, ulikuwa unaungua!"

"Nilikuwa nanukia!"

Mzee Awadh, akikosa pa kuitua hasira yake, akamgeukia Kadenge. "Lete ufunguo! Nilikwambia uwalinde watu, nawe wawachoma!"

Kadenge angeweza kusema udi ni wa nani. Badala yake alipeleka mkono kwenye ufunguo.

"Uache hapo hapo," alisema Bi Rukiya. "Awadh, ulimkataza nini huyu? Kichwa wazi. Changu kilikuwa wazi?"

"Kilikuwa na moto!"

"Moto ni wangu mie. Helmeti ni yake, na niliivaa. Ufunguo wake muachie."

Wanywaji kahawa wakaanza kuchunguza vikombe vyao. Mzee Awadh akaitua ndoo. "Haya, abaki nao. Lakini helmeti imekufa. Utakwendaje Majengo?"

Bi Rukiya alikuwa ameshaangalia ukutani, ilipoegeshwa pikipiki nyingine, aliyojia Mzee Awadh mwenyewe. Kwenye kioo chake ilining'inia helmeti nyeusi, inayong'aa, bado imo ndani ya nailoni ya dukani.

"Na ile?"

"Ile... ni yangu, dada. Nyumbani ni hapa tu, kwa hivyo..."

"Ina nailoni, Awadh."

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Rukiya akaichana ile nailoni, akaipeleka helmeti puani. "Safi. Haijawahi kusikia jasho la mtu." Akaivaa, akapanda. "Kadenge, nifunge ukanda vizuri, wasije wakasema nimeiweka tu kama kilemba."

Kadenge akaufunga, akawasha pikipiki. Hawajafika mbali alimwona kwenye kioo Mzee Awadh akitazama huku na huku, kisha akirusha mguu juu ya pikipiki yake, kofia yake ya vito, ya kitambaa tu, kichwani.

Bi Rukiya hakugeuka. Kwenye kioo alimwona pia.

"Kichwa wazi, Awadh!"

Mzee akashuka, akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma.