Kofia za Vibuyu vya Sitarini

Je, wewe unayenisikiliza, umewahi kushona kofia mwaka mzima, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mpaka macho yakaingia ukungu, kisha ukaivisha kibuyu na kukifungia mlango? Kama hujawahi, basi hujafika Sitarini.

Sitarini ilikuwa nchi ya watu wapole, wenye soni na adabu, walioomba radhi hata kabla ya kupiga chafya. Huko palikuwa na Jumuiya ya Sindano Njema, watu thelathini kasoro mmoja, wake kwa waume, walioshona si kwa riziki bali kwa mahaba tu. Kila mwaka baada ya mavuno walikutana katika Jumba la Faragha kuonyeshana kazi zao. Madirisha yalitundikwa mapazia mazito, mlango ukatiwa komeo, na humo ndani kila mmoja akaunganisha kilele cha kofia yake na mzunguko wake juu ya kibuyu. Maana kanuni ilisema kofia ya maonyesho haikamilishwi nyumbani wala haivaliwi na mwanadamu. Wakasifiana kwa zamu, kisha kofia zikalazwa kashani pamoja na karafuu za kufukuzia nondo.

Sababu ya yote hayo ilikuwa kicheko kimoja. Zamani sana mpita njia alichungulia dirishani, akacheka hadi akashika mbavu. Alicheka nini, hakuna aliyemuuliza. Lakini kicheko kile kilirithishwa kizazi kwa kizazi kama maradhi ya ukoo.

Bi Makini alikuwa mwanachama kwa miaka thelathini na mmoja. Mumewe, Bwana Ridhaa, mchimba visima, alimbebea kibuyu kila mwaka hadi kizingitini, kisha akaketi nje juu ya jiwe lile lile.

"Imekaaje?" alimuuliza mkewe alipotoka.

"Imekaa vizuri."

"Alhamdulillahi."

Wakarudi nyumbani. Na njia nzima Bi Makini alitembea akitazama chini, kwa kuwa mtu aliyemtungia uzi sindanoni macho yalipomchoka hakuwahi kuona hata kofia moja iliyokamilika.

Mwaka huo, kabla mlango haujatiwa komeo, Bi Bayana, mwanachama mgeni, alisimama akataka watu wote waruhusiwe kuingia.

Bwana Hadhari, mwenyekiti, hakuwa mtu mbaya. Aliling'ang'ania tu komeo la mlango. "Binti, umekuja jana, leo unatuvua nguo?"

"Siwavui, mzee wangu. Nafungua pazia."

"Watatucheka!"

"Wakicheka, safari hii tuwaulize wanacheka nini."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono: kumi na wanne wakataka mlango ufunguliwe, kumi na wanne wakakataa. Mikono ya Bi Makini ilikuwa bado mapajani.

"Dada yangu, una neno?" akauliza Bwana Hadhari.

Miaka yote alilijibu swali hilo kwa kusema, "Mimi niko na wenzangu." Leo wenzake walikuwa mafungu mawili. Akautazama mlango, akalikumbuka lile jiwe.

"Nje pale ameketi mtu," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kama uzi. "Nataka aingie."

Kofia zikaunganishwa upesi juu ya vibuyu, kisha mlango ukafunguliwa. Watu wakaingia wakinong'ona. Bwana Ridhaa akaingia wa mwisho, baada ya kufuta miguu mara tatu, akapita polepole, mikono nyuma, kama anayetembea kati ya mayai. Akasimama mbele ya kibuyu kimoja.

"Hii ni yako."

"Umejuaje, na hujaiona?"

"Hapa uzi ulikatika siku ya mvua kubwa, ukaapa hushoni tena."

Watu wakacheka kidogo. Bi Bayana akasema, "Mvishe, mama!" Bwana Hadhari akafumba macho.

Bi Makini akaivua kofia kibuyuni, akamvika mumewe. Ikapita paji, ikapita nyusi, ikafunika masikio, ikatua puani. Wakajaribu nyingine, na nyingine. Zote zilizama vilevile. Kumbe kila kibuyu kilipopasuka walitafuta kikubwa zaidi ili maua mengi ya uzi yaenee, na tangu jumuiya iundwe hakuna aliyeleta kichwa cha kupimia!

Chini ya kofia Bwana Ridhaa akaanza kutikisika mabega. Bi Makini akadhani analia. Kumbe anacheka, na yeye pia kicheko kikampata. Bwana Hadhari akatwaa kofia yake mwenyewe, akaivaa, ikamfika kidevuni, na humo gizani akapaza sauti, "Jamani! Yule mpita njia hakuzicheka kofia! Alicheka vibuyu kuvishwa kama maharusi!"

Kicheko walichokikimbia umri mzima kikawafikia, nacho hakikuua mtu. Wageni waliokuwa wakicheka ndio hao hao waliokuwa wakipitisha vidole juu ya mishono na kuuliza inafanywaje.

Bwana Ridhaa akaivua kofia, akaishika kwa mikono yake miwili ya mchimba visima. Macho yalikuwa maji.

"Una nini, baba?" akauliza Bi Makini. "Si umeshaiona?"

"Nimeiona. Nzuri kupita kiasi." Akamrudishia mkononi. "Lakini kule jiweni, mke wangu, sikuwa nikingoja kuona. Nilikuwa nataka unishonee moja. Ya kichwa changu."