Choo cha Baba Mkwe

Kwa wiki tatu nzima Bitutu hakukaa akatulia. Akiwa ofisini anataka kuwa nyumbani, akifika nyumbani anataka kurudi ofisini, na akilala anageuka huku na huku mpaka shuka linamfunga miguu. Alikuwa kama kuku anayetaka kutaga na haoni kiota. Majirani walisema ni kazi nyingi. Kazi gani! Kazi ya afya ya umma ameifanya miaka kumi na mmoja bila kupoteza usingizi hata siku moja. Kilichomnyima raha kilikuwa karatasi moja ya maabara, imekunjwa mara nne, imo ndani ya mkoba wake.

Kata ile iliyo juu ya soko la Birongo ilimjua vizuri. Yeye ndiye afisa wa afya wa pale. Hakuna hoteli ya chai ambayo hakuchungulia jikoni mwake, hakuna shule ambayo hakukagua vyoo vyake, na watani wa sokoni walikuwa wamembandika jina la Daktari wa Vyoo. Hakukasirika. Aliwaambia wacheke tu, siku wakiharisha watamtafuta. Alikuwa na mdomo, Bitutu. Angesimama katikati ya baraza la chifu, mbele ya wazee na mapadri, aeleze kinyesi kinavyosafiri kutoka shimoni hadi kwenye sahani, na watu wakakosa hamu ya chakula cha mchana.

Basi mwanamke huyo huyo alikuwa na mtu mmoja tu ambaye hangeweza kumtajia neno choo. Mtu huyo ni Mzee Nyangau, baba wa mumewe.

Kwa Abagusii hayo si mambo ya kubishaniwa. Kati ya mkaza mwana na baba mkwe kuna chinsoni, ile heshima yenye ukuta katikati. Hawapeani mikono, hakuna anayeingia chumba anamolala mwenzake, hawatumii choo kimoja, na mambo ya mwili hayatajwi baina yao hata kwa mzaha. Bitutu akimwona mzee ameshika njia ya migombani kwenda chooni, alikuwa akiingia ndani upesi na kujifanya ana sufuria motoni. Zamani neno la aina hiyo lingepitia kwa mama mkwe, naye angelilainisha kabla ya kulifikisha. Lakini mama mkwe alizikwa miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyerithi kazi hiyo.

Shamba lenyewe ni robo ekari, limeinama kama paa la nyumba. Juu, kando ya barabara, iko nyumba ya Bitutu na choo chake. Choo cha mzee kilipojaa wakati wa mvua za Aprili, ilibidi atafute pa kuchimba kingine, na kwa kuwa hakutaka hata kidogo kukaribiana na cha mkaza mwana, aliteremka mpaka pembe ya chini kabisa, nyuma ya migomba. Ukitaka kusema kweli, alichimba pale kwa kumheshimu yeye. Hatua ishirini chini ya shimo hilo, pale mteremko unapokatika, ndipo inapotoka chemchemi ya Rianyakundi. Familia zaidi ya sitini hunywa maji yake.

Bitutu alichukua maji ya chemchemi hiyo kwa kipimo cha kawaida, kile cha kila baada ya miezi mitatu, na wala hakuwaza lolote. Majibu yakarudi: maji yana vijidudu vya kinyesi, hayafai kunywewa. Akapanda mteremko kutafuta chanzo kama alivyofundishwa, anaangalia kushoto na kulia, mpaka akatokea kwenye migomba ya nyumbani kwake mwenyewe. Kingekuwa choo cha mtu mwingine yeyote, notisi ingekuwa imebandikwa mlangoni kabla ya saa sita mchana. Jioni ile, kwenye ripoti ya ofisi, aliandika maneno mawili tu: Kipimo kirudiwe.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua. Hakuna aliyemlazimisha. Alijiambia ni siku mbili tatu tu, apate njia ya kumfikia mzee, mambo yaishe kwa amani bila mtu kuaibika.

Njia ya kwanza ilikuwa mumewe, Ombui, ambaye ni dereva wa lori huko Nakuru. Ombui alimsikiliza kwenye simu, akacheka kidogo, kisha akasema jambo kama hilo haliongelewi kwa simu, atakuja mwisho wa mwezi akae na baba yake. Bitutu akamwambia watu watakunywa hayo maji mpaka mwisho wa mwezi. Ombui akasema wamekunywa tangu Aprili na hajasikia aliyekufa. Bitutu alikata simu, na hakumpigia tena kwa siku nne.

Njia ya pili ilikuwa Duke, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamume wa makamo mwenye maneno matamu na woga mwingi. Alikubali kwa moyo mweupe. Akaenda, akanywa uji kwa mzee, akarudi baada ya saa nzima akiwa amemfundisha Mzee Nyangau kunawa mikono kwa sabuni. Bitutu alipomuuliza kuhusu choo, Duke aliinamisha kichwa akasema mzee yule ndiye aliyemsimamia katika ndoa yake, na ndiye mwenyekiti wa makambi ya kanisa, na yeye ni nani wa kumwambia afukie choo chake. Bitutu alitamani kumtia makofi.

Basi akabaki na dawa ya maji. Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, alishuka chemchemini na chupa yake, akasimama pale akidondoshea kila mtungi matone yake. Chemchemi yenyewe huwezi kuitia dawa, maji yanatiririka yakaenda nayo. Watu walipouliza kuna nini, aliwaambia ni kampeni ya kaunti. Walilalamika kwamba chai inanuka kama nguo zilizofuliwa kwa jiki. Wengine wakaanza kumkwepa, wakateka alfajiri kabla hajafika.

Mong'ina hakumkwepa. Yeye ni mchumaji wa chai, lazima awe njiani kwenda shambani jua linapochomoza, kwa hiyo alikuwa akiteka gizani tangu zamani. Nyumba yake iko kando ya kijia kinachoshuka chemchemini, Bitutu akipita alikuwa akimkuta anafunga mlango, na ana mtoto mmoja, Emily, wa miaka sita. Siku ya kumi na tano tangu karatasi ile iingie mkobani, Emily alilazwa kwa homa ya matumbo.

Bitutu alienda kumwona hospitalini na machungwa. Mtoto alikuwa amekonda, midomo imepasuka, lakini alikuwa akizungumza. Madaktari walisema atapona. Mong'ina akamshika Bitutu mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kuja, akasema si kila afisa angemkumbuka mtu kama yeye.

Huenda unajiuliza kwa nini hakumwambia mkuu wake. Mkuu wake alikuwa Zubair, mzaliwa wa mjini Kisii, mtoto wa wafanyabiashara wa karibu na msikiti, mtu wa haki na asiyependa longolongo. Zubair hakuwa na chinsoni na mtu yeyote kule mlimani. Angepanda, angemwambia mzee waziwazi, angekunywa chai akashuka zake. Siku ya kwanza Bitutu hakumwambia kwa sababu ya haya. Siku ya tano hakumwambia kwa sababu angeulizwa hizo siku tano alikuwa wapi. Mtoto alipolazwa, hata kumtazama Zubair usoni ilikuwa shida. Ndivyo jambo linavyomnasa mtu.

Jumanne ya wiki ya tatu, Zubair ndiye aliyepiga simu. Hospitali imeleta taarifa ya mgonjwa wa taifodi kutoka Rianyakundi, akasema, na kwenye ripoti anaona kipimo kirudiwe, kimerudiwa? Bitutu akasema bado. Zubair akasema atakuja mwenyewe Alhamisi na vichupa vyake.

Alhamisi! Jumatano ndiyo makambi yanaanza. Wasabato wa makanisa sita wangekuja, watu mia nne na ushei, walale na wale hapo hapo kwenye uwanja wa kanisa mpaka Sabato ipite. Maji ya kupikia, ya kunywa, ya watoto na ya wazee, yote yangetoka Rianyakundi. Usiku ule Bitutu alizunguka sebuleni mpaka paka akamchoka akaenda kulala jikoni.

Asubuhi alishuka uwanjani. Hema lilikuwa limejaa. Nyuma, wanawake walikuwa wamepanga mitungi kama thelathini kando ya mafiga, na sufuria kubwa tatu tayari ziko motoni. Mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, aliketi Mzee Nyangau na koti lake la kijivu, amenyooka. Mong'ina pia alikuwapo. Alikuwa ametoka hospitalini alfajiri kubadilisha nguo, amemwacha dada yake kitandani kwa mtoto, akapitia hapo ili Emily aombewe.

Kila mwaka Bitutu hupewa dakika kumi za somo la afya, na kila mwaka husema kuhusu kunawa mikono na kula mboga. Alipoitwa alipiga moyo konde, akasimama, akajikaza kisabuni.

Akawaambia maji ya Rianyakundi yana vijidudu vya kinyesi. Yasinywewe, yasiguswe na mtoto, yaliyo kwenye mitungi yachemshwe mpaka yatokote au yamwagwe. Maji mengine yatafutwe leo hii, hata kwa gari. Hema likavuma. Wanawake wa jikoni wakageukia sufuria zao. Mzee mmoja wa kanisa kutoka upande wa Masimba akainuka na kuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: uchafu huo unatoka wapi?

Bitutu akafungua mdomo. Mdomo ule uliowahi kunyamazisha baraza zima la chifu haukutoa kitu. Mzee wa kanisa akarudia swali, akidhani hakusikika. Ni choo cha nani, akauliza, kiko wapi, kifungwe. Bitutu akatazama majani chini ya viatu vyake. Ubavuni mwake, hatua tatu hivi, alikuwa ameketi baba wa mumewe.

Watu walidhani anamficha mtu aliyemhonga. Minong'ono ikaanza. Lakini Mzee Nyangau alikuwa amemsikia mkaza mwana wake akihutubia mara nyingi, akiwa amejificha nyuma ya umati ili asimtie haya, na alijua kwamba hakuna jambo la mwili ambalo Bitutu hawezi kulitamka mbele ya watu, isipokuwa la mtu mmoja. Akashika mkongojo wake akainuka. Hakumtazama Bitutu. Alitazama turubai la hema.

"Ni changu," akasema. "Nilikichimba Aprili nyuma ya migomba, juu ya maji. Msimuulize huyu tena, hana ruhusa ya kunitaja."

Mzee akaomba vijana sita wenye majembe waende sasa hivi, kabla ya wimbo, wabomoe na kufukia. Mtu wa miaka sabini na tisa, mwenyekiti wa makambi, akasimama mbele ya makanisa sita akataja choo chake, na mkaza mwana wake akiwa pale pale anasikia. Bitutu alilia bila kujificha. Kwanza alihisi mzigo wa wiki tatu umemtoka mgongoni, akamshukuru Mungu, akamshukuru mzee, akaona mambo yamekwisha.

Akafuta macho, akainua uso. Mong'ina alikuwa amesimama.

"Bitutu," akasema, hakupaza sauti. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema juzi. Hakuna pale ambaye angebisha, na Zubair alikuwa bado hajafika. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Mzee Nyangau alikuwa angali amesimama, ameegemea mkongojo, mbele ya watu wote aliowaongoza, na haya yake iko nje kweupe.

"Wiki tatu," akasema Bitutu.

Mong'ina alihesabu. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo kidogo, Jumatano hii, Jumatano ile, mpaka akafika kwenye siku ambayo mtoto alianza kuchemka mwili. Alipofika hapo akaacha.

"Kila asubuhi ulikuwa ukipita mlangoni kwangu na ile chupa yako," akasema. "Ukiona mtungi wangu umejaa. Ukiniamkua."

"Nilikuwa nikikuamkua," akasema Bitutu.

Mong'ina akajifunga leso vizuri kiunoni, akapita kati ya viti akatoka nje, akashika barabara ya kurudi hospitalini kwa mtoto wake. Hakungoja maombi.