Bikira wa Theluji Alipovuka Uwanja

Bikira wetu wa Theluji, sanamu ya Mama Maria, ana uso na mikono miwili, lakini chini ya shingo hana mwili. Ana kiunzi cha fito nyembamba, mfano wa tenga la kuku, na juu ya kiunzi hicho tunamvika gauni, joho na ushungi. Ndivyo alivyotengenezwa zamani, na hapa Torino si yeye peke yake. Ila habari ya tenga tuliijua sisi wajane tu.

Wajane ndio wanaomvisha. Yeye naye ni mjane, Yusufu alimtangulia, kwa hiyo anayajua mambo yetu. Mara mbili kwa mwaka, kuingia kwa joto na kuingia kwa baridi, tunafunga mlango wa sakristia, chumba cha mavazi nyuma ya altare. Mmoja wetu anamvua na kumvisha. Wengine tunamzunguka tumempa mgongo, kila mmoja ameshika shuka yake ya arusi, zinakuwa ukuta. Hata padre anangoja nje. Mimi mwenyewe sikujua lolote mpaka nilipomzika Amedeo, mume wangu, aliyekuwa dereva wa tramu. Wiki iliyofuata Clelia, mjane wa siku nyingi, akanigongea mlango. Hakunipa pole, pole alishanipa makaburini. Aliniambia tu, "Secondina, lete shuka."

Kanisa letu ni dogo, limebanwa kwenye kona ya uwanja wa Piazza Castello, ubavuni mwa jumba la mfalme. Ng'ambo ya uwanja kuna Palazzo Valfredda, alikokaa shangazi wa mfalme fulani, na sasa ni makumbusho. Baridi ya mwaka juzi tuligundua wadudu wamekula fito za Bikira. Watu wa Valfredda wakasema watamtibu bure, kwa sharti wabaki naye majira ya joto, wamweke kwenye maonyesho yao. Padre Ettore akakubali. Tukamfunga vizuri kwa shuka zetu, akavuka uwanja kwa gari la mkono. Kisha padre akatangaza kwamba tarehe tano Agosti, sikukuu yake, parokia nzima itavuka kwa maandamano kwenda kumsalimu hukohuko.

Wiki ya mwisho ya Julai maonyesho yakafunguliwa. Tukaenda, mimi na Clelia, na kadi zetu za wazee. Tukapita kitanda cha shangazi wa mfalme, tukapita vikombe vyake na vioo vyake. Chumba cha mwisho tukamkuta. Amesimama juu ya jiwe jeupe, taa inammulika, hana hata uzi. Uso wake uleule mtulivu, na chini yake fito. Nguo zake zimetandazwa ndani ya kabati la kioo ukutani. Kijana mmoja alikuwa ameinama anapiga picha katikati ya fito.

Clelia alishika mkono wangu akaminya mpaka ukauma.

"Tarehe tano," alisema.

Nilikuwa nimewaza hilohilo. Wanaume wote wa parokia, watoto wa komunyo ya kwanza, wanakwaya, wote watamkuta hivi.

Hatukuwa na shuka, na hata tungekuwa nazo mifuko huachwa mlangoni. Tulikuwa na shali zetu za kufunikia mabega kanisani. Tukampa mgongo, mmoja huku na mwingine kule, tukazitanua shali kwa mikono miwili, tukasimama.

Mlinzi akainuka kitini. Anaitwa Livio, amebakiza kidogo astaafu.

"Akina mama, mnawazibia wageni."

"Na sisi ni wageni," Clelia akamjibu. "Tumeonyesha kadi mlangoni, hukuona?"

"Lakini hamtazami sanamu. Mmeipa mgongo!"

"Tunatazama mlango. Mlango wenu mzuri sana, kijana. Nani aliuchonga?"

Livio hajaitwa kijana siku nyingi. Alicheka akarudi kitini kwake.

Kesho yake tulikuwa sita, na duara likafungika. Tulisali rozari kwa sauti ya chini. Wageni walikuja, wakatutazama, wakasoma kibao ukutani wakidhani sisi ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alitupiga picha. Clelia akajiweka sawa nywele.

"Bibi, umesimama tangu asubuhi," Livio akamwambia. "Utaanguka."

"Nikianguka, mfunike yeye kwanza."

Mchana alikuja mkuu wa maonyesho, Bi Noemi. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtu wa Genova, amevaa viatu visivyo na kelele. Hakufoka. Alituletea viti, nasi hatukuketi.

"Mama zangu, nawaheshimu," alisema. "Lakini sanamu za namna hii watu huziona na nguo tu, hawajui kazi iliyomo ndani. Fundi aliyefunga fito hizi alikuwa bingwa. Wageni wanataka kujua Bikira alivyotengenezwa."

"Hata wewe, binti, najua ulivyotengenezwa," Clelia akasema, "lakini sikuambii uvue."

Bi Noemi alicheka ghafla, bila kutaka, akaziba mdomo kwa mkono. Hapo ndipo nilipoona pete. Zilikuwa mbili kwenye kidole kimoja, yake nyembamba juu, na chini yake nyingine nene ya kiume, imezungushiwa uzi mweupe isichomoke. Na mimi nina uzi kama ule. Bila huo, pete ya marehemu Amedeo ingenivuka kidole.

Nikaendelea na rozari yangu. Clelia nampenda kama dada, lakini ukimwambia jambo saa ya misa ya asubuhi, ifikapo saa ya supu wanalijua mpaka wauza magazeti. Na mtu aliyeficha jambo kazini kwake ana sababu yake. Nilikwenda nalo nyumbani, nikaliombea, nikalala nalo.

Asubuhi nilitangulia peke yangu, Livio akanipitisha. Nilimkuta Bi Noemi kwenye kile chumba, kabla wageni hawajaingia, anaangalia kama joto limeharibu hariri ya joho.

"Bibi, umewahi," alisema. "Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja. Mimi nimekuja kwa jambo lako." Nikamwonyesha kidole changu. "Uzi huu hulegea kila baada ya miezi kadhaa. Wako naona umeufunga vizuri."

Akauficha mkono nyuma, kisha akaurudisha, maana alikuwa ameshachelewa.

"Umewaambia?"

"Hapana, na sitawaambia."

Akaketi kwenye kiti cha Livio. "Miaka miwili tangu nimzike," alisema. "Kule Genova nilikuwa maskini Noemi. Nikiingia dukani, maskini Noemi. Nikicheka, wananitazama. Nilihamia huku niwe Noemi tu."

"Naelewa."

"Basi unataka nini kwangu?"

"Ninyi mnakataza mtu wa nje kumgusa. Sisi tunakataza asiyekuwa mjane. Humu ndani, anayeweza kumvisha bila kuvunja sheria ya upande wowote ni wewe."

Alizizungusha pete zake. Nikasikia wafagiaji wakivuta viti chumba cha pili.

"Wenzako wataniuliza kwa nini mimi," alisema.

"Watakuuliza. Clelia kwanza."

"Na Clelia akijua..."

"Mji mzima utajua. Sikudanganyi, binti. Ndiyo maana nimekuja peke yangu. Ukikataa, nitarudi kwenye nafasi yangu na shali yangu, na tarehe tano tutasimama hapa mpaka watufukuze. Habari ya pete itabaki kwangu."

Aliinuka akatoka, nami nikachukua nafasi yangu. Wenzangu wakafika, tukafunga duara. Tulisimama siku ile na zilizofuata, miguu ikavimba. Mwenzetu Irma ikabidi aketi. Bi Noemi hakuonekana. Nilidhani nimeharibu.

Jioni ya tarehe nne, wageni walipokuwa wanatolewa, akaja. Nyuma yake seremala alibeba kiunzi kingine cha fito mpya, nyeupe, bila uso wala mikono.

"Hiki alikifunga kwa kujaribu, kabla hajakigusa kile cha zamani," Bi Noemi alisema. "Kitakaa hapa, wageni watazame kazi ya ndani watakavyo. Bikira atavaa."

Akawatoa seremala na Livio, akafunga mlango. Kabati la kioo likafunguliwa.

"Haya, tumeshukuru," Clelia akasema. "Lakini nani atamvisha? Wewe? Wewe ni msomi, binti, lakini hili si la kusomea. Hili anafanya mjane."

"Mimi ni mjane," Bi Noemi akasema. Akanyoosha mkono wenye pete mbili mbele ya Clelia, akaubakiza pale.

Clelia aliangalia pete, akaangalia uzi. Halafu akaishusha shali yake kidogo, duara likapata mlango.

"Ingia. Anza na mkono wa kushoto, wa kulia una ukaidi."

Tukageuka, tukatanua shali. Nyuma yetu tulisikia hariri tu, na mara moja mtu akivuta kamasi.

Siku ya pili parokia ilivuka uwanja, kengele zinalia, petali nyeupe, mfano wa theluji yake, zinadondoka kwenye mawe. Bikira alisimama kamili, gauni, joho, ushungi. Watoto waliimba. Padre Ettore alipomaliza sala akasogea kwenye kile kiunzi kipya, akakizunguka, akachungulia ndani.

"Sasa Bi Clelia," alinong'ona, "mmesimama wiki nzima kwa sababu ya fito, na fito ni hizi hapa. Tofauti iko wapi?"

"Huyo hatujawahi kumwomba kitu, padre."

Habari za Bi Noemi zilienea, kama nilivyomwambia. Mwenye duka la kahawa alimwita maskini mara moja, Clelia akamjibu palepale, hakurudia. Oktoba tulipomrudisha Bikira na kumvika nguo za baridi, Bi Noemi alikuja sakristia na shuka yake ya arusi, bado ina mikunjo ya dukani. Naye tukamweka kwenye duara, upande wa dirisha.