Msichana Aliyebaki Kinuni

Bwana Oake alifika na mvua yake, baiskeli imejaa tope hadi kwenye tandiko. Aliomba radhi kwa kulowesha sakafu, na kabla hata hajavua koti akaulizia santuri. Kazi yake ilikuwa ualimu, lakini siku zake za mapumziko zote zilikwisha kwenye vijiji vya Norfolk, akitafuta santuri za zamani, zile walizoimba watu wa huku wenyewe kabla ya vita. Ya Jabez Larter, mzee wa nyumba hii, alikuwa ameisikia kwa sifa tu.

Hester alimpa kiti, akaweka birika jikoni. Alifurahi kupata mgeni, hata mgeni wa namna hiyo. Tangu baba yake apigwe na kiharusi, dunia ya Hester ilikuwa inaishia pale langoni. Mumewe alishinda kwenye kiwanda cha sukari. Tabitha, kichanga chake, alilala karibu na moto. Na Baba alikaa kwenye kiti chake, macho dirishani, ulimi umekufa. Mtu aliyekuwa akianza wimbo wa msichana wa kinuni, baa nzima inaweka bilauri chini! Wala hakuna mwanamume mwingine aliyethubutu kuuimba, maana kwao wimbo wa mtu ulikuwa wa mtu, kama kofia yake.

"Nikiichukua nitaitunza kabatini," akasema Oake. "Gizani, imesimama wima. Sitaipiga kabisa. Kila ukiipiga, sindano inaila."

"Kabatini," Hester akarudia.

"Ndiyo, mama. Itatuzika sisi sote."

Hester akasema atamjibu, ila kwanza aisikie mara moja. Tangu ugonjwa ule uingie alikuwa amejaribu kuipiga mara moja tu. Siku hiyo mzee aligonga mkono wa kiti mpaka Hester akaogopa, akadhani inamuuma kuisikia sauti yake ya zamani.

Akazungusha mpini wa gramafoni. Sauti ya Jabez ikatoka, changa, imenyooka. Mjomba msaga nafaka anamfungia msichana ndani ya kinu chake cha maji, kando ya mto. Kijana anakuja usiku, anagonga, anamwita kwa jina, na mlango haufunguki. Hapo wimbo ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza. Mzee akaanza: pa, pa, pa, kwenye mkono wa kiti.

"Hapendi kujisikia," Oake akanong'ona.

Tabitha akaamka, Hester akambeba. Alikuwa akimpigapiga mgongoni, lakini akili ilikuwa imekwama kwenye ule mwisho. Waimbaji wa kwao hawaimbi maneno ya mwisho. Huuacha wimbo ghafla, wakayasema tu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayerudisha bilauri mezani, na baa ikajua kumekwisha. Yeye mwenyewe wimbo huo aliusikilizia dirishani mwa baa utotoni, na kila mara mama yake alimvuta mkono kabla haujaisha.

"Pale neno la mwisho kaliimba, hakulisema," akasema. "Baba hajamaliza."

Oake alifuta maji yaliyokuwa yakimdondoka kidevuni. Kisha akaeleza kwamba wale waliorekodi walikuwa na taa nyekundu. Upande wa santuri ukikaribia kujaa, taa inawaka, na mwimbaji anakatishwa alipo. Akasema nyumbani anazo nyingi kabatini, na sasa hajui ni wangapi wamebaki mlangoni namna hiyo.

Hester akampa Oake mtoto ambebee, akaipiga santuri tena. Safari hii hakungoja mkwaruzo. Neno la mwisho lilipotoka tu, akainua sindano.

Mkono wa mzee ulikuwa umeinuka. Haukushuka. Mdomo ukapinda upande, na sauti ikatoka, yenye kutu, ila imeufuata wimbo barabara: mto ulifurika usiku ule, maji yakaling'oa komeo, na msichana akatoka na alfajiri, unga umemjaa nyweleni. Kisha Jabez akauacha wimbo, akamtazama binti yake, akasema:

"Akaenda kwao."

"Baba?"

Mdomo ukafunguka, ukahangaika, hakikutoka kitu. Macho yakarudi dirishani. Hester akapiga magoti, akamfuta mate, akamwita tena, na tena. Kilichokuwa kimefunguka kilikuwa kimeshafungwa.

Oake akamrudishia mtoto polepole. "Ukiipiga kila siku, mama, haitachukua muda itabaki mikwaruzo mitupu. Na sijui kama kuna nyingine."

"Na yeye hakuna mwingine."

Mwalimu akaitazama santuri kama mtu anayeaga. Akajifunga koti, akatia mkono mfukoni, akaweka mezani kikopo kidogo. "Sindano za miiba," akasema. "Chuma kinakula haraka. Hizi zinakula taratibu."

Lango lilipolia nyuma yake, Hester alibadilisha sindano, Tabitha begani. Alipogeuka kuzungusha mpini, mkono wa Baba ulikuwa tayari juu, unangoja.